Malighafi na Uso wa Chuma Kilichofuliwa

Kufua chuma ni kukibadilisha umbo kwa kukipiga au kukikandamiza bila ya kukiyeyusha, mara nyingi kikiwa kimepashwa moto hadi kikaiva na kuwa chekundu au cha manjano. Kazi hiyo ni moja, iwe inafanywa na mhunzi mwenye nyundo na fuawe katika karakana ya mtaani, au na kiwanda chenye mashine za nguvu ya maelfu ya tani zinazokishindilia chuma ndani ya kalibu, yaani pande la chuma kigumu lililochongwa ndani ili kipande kinachobanwa humo kichukue umbo lake. Majembe, mashoka, ndoano za winchi, kranki za injini, konrodi zinazoiunganisha kranki na pistoni, na hata diski zinazobeba mapanga ya injini za ndege, vyote hupatikana kwa njia hiyo, kwa kuwa chuma kilichofuliwa vizuri huhimili mishtuko na mizigo ya kujirudiarudia kuliko kile kilichomiminwa tu na kuachwa kigande.

Kipande kikitoka kwenye fuawe au kwenye kalibu kikiwa na ufa, vishimo, mkunjo au michirizi usoni, lawama humwangukia fundi, nyundo au kalibu, na wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki, kwani moto usiosimamiwa vizuri na kalibu iliyolika huharibu kazi nyingi. Hata hivyo, kasoro nyingi zinazoonekana mwishoni huwa zimo katika malighafi kabla ya pigo la kwanza, zikiwa zimeletwa na mawe ya madini yaliyoyeyushwa, na chuma chakavu kilichotiwa tanuruni, au na namna chuma hicho kilivyomiminwa na kupitishwa kwenye rola. Kufua hakuzifuti kasoro hizo. Huzivuta zikawa ndefu, huzipanua zikawa wazi, au huzikunja na kuzifukia chini kidogo ya uso, ambako hubaki mpaka kipande kitakapoanza kubebeshwa mzigo.

Uzito wa jambo lionekanalo dogo

Uso wa kipande cha chuma si suala la urembo peke yake. Kitu kinapopindwa au kusokotwa, nguvu inayokisumbua huwa ndogo katikati na kubwa kuliko kwingineko kote usoni, na kwa sababu hiyo nyufa nyingi zinazovunja mitambo huanzia juu na kuingia ndani, si kinyume chake. Wahandisi huita uchovu wa metali ile hali ya chuma kuvunjika chini ya mzigo ambao kingeweza kuubeba mara moja bila taabu, lakini kikashindwa kwa kuwa kimebebeshwa mara nyingi mno. Konrodi ya injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huvutwa na kubanwa mara 180,000 kwa saa moja tu ya safari, na mahali penye kishimo au mchirizi mdogo, nguvu hiyo hujikusanya na kuzidi kwa mbali ile iliyokadiriwa na msanifu.

Ni kweli kwamba vipande vingi vilivyofuliwa hupelekwa baadaye kwenye mashine za kukereza, ambako unene wa milimita 1 hadi 3 huondolewa ili kipande kifikie vipimo vyake, na kasoro za juu juu huondoka pamoja na ngozi hiyo. Lakini si kila sehemu hukerezwa. Shina la konrodi, mkono wa spana, bapa la jembe na mwili wa ndoano ya kunyanyulia mizigo kwa kawaida hubaki na uso ulioachwa na kalibu au nyundo, na hivyo kila kilichoandikwa na malighafi juu ya uso huo hubaki humo maisha yote ya chombo. Zaidi ya hayo, kasoro yenye kina kuliko unene unaoondolewa hukatwa kichwa tu, mzizi wake ukabaki.

Vitu visivyotakiwa ndani ya feleji

Chuma kinachofuliwa siku hizi kwa kawaida ni feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kiasi kidogo cha kaboni, mara nyingi chini ya asilimia 1, pamoja na manganizi na silikoni, na wakati mwingine kromi au nikeli zinazoongezwa kwa makusudi ili kukipa ugumu au ustahimilivu. Pamoja na hivyo vinavyotakiwa huja visivyotakiwa, na katika historia ya ufuaji vilivyosumbua kuliko vyote ni salfa na fosforasi.

Salfa ikikutana na chuma hufanya salfidi ya chuma, na mchanganyiko wa salfidi hiyo na chuma chenyewe huyeyuka kwenye joto la nyuzi 988 za Selsiasi, ilhali feleji hufuliwa ikiwa kwenye nyuzi zipatazo 1,100 hadi 1,250. Maana yake ni kwamba, wakati chuma kimeiva tayari kwa nyundo, mipaka ya punje zake, ambazo ni fuwele ndogo ndogo zilizoshikamana na kuifanya metali nzima, huwa tayari imelowa kimiminika, na pigo la kwanza huzitenganisha punje hizo. Uso hupasuka nyufa nyingi fupi, hasa kwenye pembe na kingo. Dawa yake ni manganizi, ambayo huivuta salfa kuliko chuma kinavyoivuta, na salfidi ya manganizi haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,600. Fosforasi kwa upande wake hukiachia chuma kifuliwe vizuri kikiwa moto, kisha hukifanya kiwe chepesi kuvunjika kikipoa, kiasi kwamba kipande kilichotoka na uso safi huweza kupasuka kinapogongwa ili kinyooshwe.

Mfano maarufu wa jambo hili ulitokea Uingereza mwaka 1856, Henry Bessemer alipotangaza njia yake ya kutengeneza feleji kwa haraka na kwa gharama nafuu, kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ili iunguze kaboni iliyozidi. Wenye viwanda walimlipa ili waruhusiwe kuitumia njia hiyo, wakajenga matanuru kama alivyoelekeza, wakapata feleji iliyopasuka na kumomonyoka chini ya nyundo na rola. Baadaye ilibainika kwamba Bessemer, bila ya kujua, alikuwa amefanya majaribio yake kwa chuma cha Blaenavon, Wales, kilichokuwa na fosforasi kidogo, ilhali wateja wake walitumia chuma kilichotokana na mawe ya madini yenye fosforasi nyingi, ambayo ndiyo yaliyojaa nchini humo. Juu ya hayo, hewa iliyopulizwa iliacha oksijeni nyingi ndani ya chuma, na Robert Mushet ndiye aliyeonyesha kwamba manganizi ikiongezwa mwishoni huiondoa oksijeni hiyo na kuidhibiti salfa. Mwaka 1858 Göran Göransson wa Sweden alifanikiwa kwa njia ileile ya Bessemer, kwa kuwa mawe ya madini ya kwao yalikuwa safi, na tatizo la fosforasi lilipata ufumbuzi mwishoni mwa miaka ya 1870, Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake Percy Gilchrist walipobuni tanuru lenye kuta za mawe ya jamii ya chokaa ambazo huifyonza fosforasi. Kabla ya tanuru hilo la Thomas na Gilchrist, njia ya Bessemer ilikuwa ileile katika mikono yote; kilichotofautisha zaidi feleji iliyofulika na iliyopasuka kilikuwa ni chuma kilichoingizwa tanuruni.

Mavi ya chuma na michirizi yake

Aina ya pili ya urithi mbaya ni chembe ngeni, yaani vipande vidogo vya vitu visivyo metali vilivyonaswa ndani ya chuma. Wahunzi wa zamani walizijua kama mavi ya chuma, ule uchafu wa mawe uliobaki baada ya madini kuyeyushwa, na leo katika feleji ya viwandani huwa zaidi ni salfidi za manganizi na oksidi za alumini zinazotokana na dawa za kuondoa oksijeni, au vipande vya matofali ya tanuru vilivyomeguka.

Chembe hizi hazifanani tabia. Salfidi ya manganizi ni laini kwenye joto la kufulia, nayo huvutika pamoja na chuma kinachoizunguka. Mche wenye kipenyo cha milimita 100 ukipunguzwa hadi milimita 20, urefu wake huongezeka mara 25, na chembe iliyokuwa na urefu wa milimita 1 huwa uzi wa takriban milimita 25 uliolala sambamba na uso. Uzi huo ukitokeza juu huonekana kama mstari mwembamba ambao kipolishi hakiutoi, kwa kuwa kadiri uso unavyosuguliwa ndivyo mstari unavyofunuka zaidi. Oksidi ya alumini ni ngumu, haivutiki, bali huvunjika na kusambaa msururu wa vipande vyenye ncha, na chombo cha kukereza kikipita juu yake huvikwanyua na kuacha vishimo mahali ambapo uso ulitakiwa uwe laini kabisa.

Huko Sheffield, mji wa Uingereza uliojulikana kwa visu na nyembe, feleji ya karne ya 18 ilipatikana kwa kuvipasha moto vipande vya chuma pamoja na makaa kwa siku kadhaa, mpaka kaboni ikapenya ndani. Vipande hivyo vilitoka tanuruni vikiwa na malengelenge usoni, na chanzo cha malengelenge hayo kilikuwa malighafi yenyewe: kaboni iliyopenya ilikutana na mavi ya chuma yaliyosalia ndani, ikanyakua oksijeni yake, na gesi iliyozaliwa ikauinua uso. Benjamin Huntsman, fundi wa saa aliyechoshwa na springi zisizo na ubora wa kutegemewa, alianza katika miaka ya 1740 kuiyeyusha upya feleji hiyo ndani ya vyungu vya udongo vilivyofunikwa, ili mavi yaelee juu na kuondolewa, akapata feleji yenye ubora sawa kote na inayokubali kung'arishwa bila ya kuonyesha michirizi.

Ujuzi wa namna hiyo haukuwa wa Ulaya pekee. Wahunzi wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, waliyeyusha mawe ya madini katika malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyoweza kufikia urefu wa mita 3 na kuvuta hewa yenyewe bila ya mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bonge lenye mavi na vipande vya makaa, na lau lingepelekwa moja kwa moja kwenye nyundo, jembe lingetoka na uso wenye matundu na kingo zinazomeguka. Kwa hiyo bonge hilo lilivunjwavunjwa, likapitishwa tena katika kitanuru kidogo kiitwacho kintengwe, kilichopulizwa kwa mivukuto, ili mavi yaliyobaki yatoke na chuma kishikamane. Ndipo mhunzi alipoanza kufua. Kati ya mwamba na fuawe palikuwa na hatua nzima iliyotengwa kwa ajili ya kuitakasa malighafi.

Makosa yanayopanda juu ya mche

Malighafi inayofikishwa kwenye viwanda vya kufulia huwa mche, yaani kipande kirefu cha feleji, cha mraba au cha duara, kilichomiminwa na kupitishwa kwenye rola. Uso wa mche huo huweza kuwa na ufa mrefu mwembamba unaofuata urefu wake, uliosababishwa na mapovu ya gesi yaliyokuwa chini ya ngozi ya feleji wakati wa kuganda, au na mpasuko mdogo uliotokea feleji ilipopoa kwa kasi isiyo sawa. Huweza pia kuwa na ulimi wa chuma uliokunjwa na rola ukalala juu ya mwenzake bila ya kuungana nao. Kasoro hizo aghalabu hufichwa na kutu na magamba, na jicho tupu huzipita.

Hesabu ndogo huonyesha kinachotokea baadaye. Kipande cha duara kikisimamishwa na kugandamizwa mpaka kimo chake kiwe nusu, kipenyo chake huongezeka kwa asilimia 41, na mzunguko wa ukuta wake huongezeka kwa kiasi hichohicho. Ufa uliokuwa umelala kimya kwenye ukuta huo hutanuliwa kuelekea pande mbili, ukafunguka mdomo. Viwanda hutumia jambo hili kama kipimo: sampuli fupi hukatwa kwenye mche mpya na kugandamizwa hadi nusu au theluthi ya kimo chake, na ukuta wake ukipasuka, shehena nzima hutiliwa shaka. Ikiwa kufua kunauvuta mche badala ya kuutanua, ufa hauendi wazi bali hurefuka na kufungwa juu, na kwa kuwa ndani yake mna ngozi ya oksidi, kuta zake mbili haziungani hata zikibanwa kwa nguvu kiasi gani.

Sura ya malighafi nayo huleta kasoro za namna hiyo, jambo linaloonekana waziwazi katika karakana za Afrika Mashariki ambako nondo za ujenzi hufuliwa kuwa patasi, mitalimbo na kucha za milango. Nondo nyingi zina matuta yaliyowekwa ili zishikane na zege. Mhunzi akiipiga nondo yenye matuta ikiwa moto, kila tuta hulala upande na kuufunika uso ulio jirani yake, likiacha chini yake mstari wa oksidi. Patasi ikisuguliwa kwa jiwe huonekana safi, lakini baada ya kutiwa moto na kuzimwa majini, mistari ileile huonekana upya, safari hii ikiwa nyufa. Fundi anayeujua mkasa huo huyasaga matuta yote kabla ya kuupeleka mkono kwenye nyundo.

Springi za malori, ambazo ndizo malighafi inayopendwa zaidi kwa mapanga na visu kwa kuwa zina kaboni ya kutosha kushika makali, huja na tatizo la aina nyingine. Springi iliyotupwa huwa imeshapindwa mamilioni ya mara barabarani, na huenda imetupwa kwa sababu imeanza kupasuka. Ufa wa uchovu ulioanza humo hujaa kutu, na moto wa mhunzi huigeuza kutu hiyo kuwa magamba bila ya kuuziba ufa. Ndiyo maana panga zuri kwa sura huweza kumeguka katikati likiwa jipya, na mhunzi akalaumiwa kwa kosa la barabara. Tahadhari yake si ngumu: kuisafisha springi mpaka chuma cheupe kionekane, kuipaka mafuta mepesi, kuipangusa, kisha kuipaka unga wa chokaa, kwa kuwa mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari juu ya chokaa. Na ili kuijua kaboni iliyomo, mafundi wengi huigusisha springi kwenye jiwe la grainda na kuzitazama cheche: feleji yenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi, na yenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi mafupi kwa wingi.

Shaba inayoingia na vyuma chakavu

Sehemu kubwa ya feleji duniani hupatikana kwa kuyeyusha vyuma chakavu katika matanuru ya umeme, na njia hiyo hupunguza matumizi ya makaa ya mawe na kuondoa takataka mitaani. Lakini gari lililosagwa huja na nyaya zake, mota zake na rejeta yake, na humo mna shaba. Kaboni, silikoni na manganizi huweza kuunguzwa tanuruni kwa oksijeni. Shaba haiwezekani, kwa sababu chuma chenyewe huungua kabla yake. Kila mara chuma chakavu kinapoyeyushwa upya, shaba iliyokuwamo hubaki, na nyingine huongezeka.

Madhara yake hutokea usoni. Mche wenye shaba ukipashwa moto, chuma kilicho juu hugeuka kuwa magamba ya oksidi, lakini shaba haigeuki. Husukumwa chini ya magamba na kujikusanya hapo kuwa utando mwembamba wenye shaba nyingi kuliko ilivyokuwa kwenye mche mzima. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na joto la kufulia limeshapita hapo, hivyo utando huo huwa kimiminika kinachopenya katikati ya punje za feleji. Nyundo inaposhuka, uso hupasuka nyufa fupi nyingi zilizosambaa, na kwa mtazamo wa haraka fundi huweza kudhani ameunguza chuma. Bati huzidisha tatizo kwa kuwa huifanya shaba iyeyuke kwenye joto la chini zaidi, ilhali nikeli hulipunguza kwa kupandisha joto hilo na kuisaidia shaba ibaki ndani ya chuma. Wenye matanuru wanaotaka kuuza feleji ya kufulia hulazimika kuchambua vyuma chakavu kwa mkono na kwa mashine kabla ya kuviyeyusha, au kuchanganya chuma kipya kilichotoka kwenye madini ili kuizimua shaba.

Magamba, kaboni iliyopotea na punje kubwa

Moto wenyewe hauwezi kutenganishwa na malighafi, kwa sababu kila feleji huitikia moto kwa namna yake. Katika tanuru la mafuta au la gesi, asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa chuma huweza kupotea kwa kugeuka magamba. Magamba yanayobanduka kwa urahisi si tatizo kubwa, kwani hupigwa maji ya kasi au kugongwa yakaanguka. Yasiyobanduka hushindiliwa ndani ya uso na kuacha vishimo yanapotoka baadaye. Feleji yenye silikoni nyingi, kama zilivyo baadhi ya feleji za springi, hufanya chini ya magamba tabaka la mchanganyiko wa silika na oksidi ya chuma ambalo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,177, na likipoa hushika uso na kuyang'ang'aniza magamba yasitoke. Kwa hiyo joto linalofaa kwa feleji ya kawaida huweza kuuharibu uso wa feleji ya silikoni, japokuwa fundi ni yuleyule na tanuru ni lilelile.

Wakati huohuo, oksijeni ya tanuru huinyonya kaboni iliyo karibu na uso, na kuacha ngozi laini juu ya mwili mgumu. Ngozi hiyo haionekani kwa macho, lakini panga lenye ngozi hiyo halishiki makali mpaka lisuguliwe hadi kwenye chuma kizima, na springi yenye ngozi hiyo huchoka mapema. Mche unaoletwa na mwuzaji huweza kuwa umekwisha kupoteza kaboni usoni tangu ulipopashwa moto kwa ajili ya rola, na moto wa mhunzi ukaongeza hasara juu ya hasara. Ukubwa wa punje nao una athari yake: malighafi yenye punje kubwa haiviringiki sawasawa inapokunjwa au kubanwa, kwa kuwa kila punje hujongea kwa mwelekeo wake, na uso hutoka na vinundu mfano wa ganda la chungwa, ambavyo haviondoki ila kwa kusagwa.

Kishimo kilichoangusha ndege

Tarehe 19 Julai 1989, ndege aina ya DC-10 iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago, ikiwa na watu 296, ilipata hitilafu angani baada ya diski ya mbele ya injini yake ya mkiani kuvunjika na vipande vyake kukata mabomba ya mafuta ya haidroli yanayoongoza usukani. Marubani walijaribu kutua Sioux City, katika jimbo la Iowa, na watu 112 walipoteza maisha. Uchunguzi wa mamlaka ya Marekani ulionyesha kwamba diski hiyo, iliyofuliwa kwa aloi ya titani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilivunjika kutokana na ufa wa uchovu ulioanzia kwenye kishimo kidogo kilichokuwa juu ya uso wa tundu lake la katikati.

Kishimo hicho hakikutokana na nyundo wala kalibu. Titani inapoyeyushwa, naitrojeni ikiingia mahali fulani hufanya kipande kigumu na chepesi kuvunjika, ambacho hakifanani na metali inayokizunguka. Kipande cha namna hiyo kilibaki ndani ya mkuo, yaani bonge la metali lililogandishwa baada ya kuyeyushwa, kikafuliwa pamoja na diski, kikaangukia mahali ambapo uso wa mwisho ungekerezwa, na yamkini kikachomoka wakati wa kazi za mwisho na kuacha kishimo chenye urefu usiofika milimita 2. Diski ilifanya safari zaidi ya 15,000 kabla ya ufa huo kukua na kuishinda. Titani ya diski hiyo ilikuwa imeyeyushwa mara mbili katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa. Baadaye watengenezaji wa diski za namna hiyo walihamia kwenye kuyeyusha mara tatu, ili vipande vigumu vipate nafasi zaidi ya kuyeyuka kabisa. Hatua hiyo ilichukuliwa kwenye chungu cha kuyeyushia, mbali na mahali diski inapofuliwa.

Ukaguzi kabla ya moto

Kwa kuwa kasoro za malighafi ni nafuu kuondolewa mapema, viwanda makini huweka ukaguzi mlangoni. Kila mche huja na namba ya myeyusho, yaani utambulisho wa chungu kimoja cha feleji, pamoja na cheti kinachoonyesha kiasi cha kaboni, salfa, fosforasi, shaba na vinginevyo. Nyufa za usoni hutafutwa kwa kuufanya mche uwe sumaku na kuumwagia unga mwembamba wa chuma, ambao hukusanyika penye ufa na kuuchora. Chembe za ndani hutafutwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, yanayorudi yakigonga kitu kisicho metali. Mche wenye nyufa husagwa mahali husika, na ule unaokusudiwa kwa kazi nyeti humenywa ngozi yote kwa kukerezwa, hata kama uso wake unaonekana mzuri, kwa sababu ngozi ndiyo inayobeba nyufa, magamba na kaboni iliyopungua.

Gharama ya kumenya mche ni ya kweli, kwani chuma kilicholipiwa hugeuka vinyoleo, na kwa jembe la mkono gharama hiyo haina maana, ilhali kwa konrodi au ndoano ya winchi kuikwepa ni kujiingiza katika hasara kubwa zaidi. Ndiyo maana swali la ubora wa uso hujibiwa kwa kutazama kazi ya kipande kwanza, kisha malighafi inayostahili kazi hiyo, na ufundi wa kufua baada ya hapo. Mhunzi wa mtaani asiye na cheti wala mashine ya mawimbi ana mamlaka ileile ya kuchagua: kukataa nondo isiyojulikana ilikotoka kwa kazi itakayobeba mzigo, kuitazama springi kwa chokaa kabla ya kuilipia, kusaga matuta na kingo, na kutofua chuma chenye rangi ya shaba kwenye nyufa zake. Anayenunua chuma kwa kuangalia bei ya kilo tu huwa ameshaamua uso wa kazi yake utakavyokuwa, hata kabla ya kuwasha moto.